Bati Lililopasuka Kona

Kijiwe chetu kiko mkabala na kiwanda cha matoroli: benchi moja refu, birika la kahawa jikoni, na vikombe visivyofanana. Miaka kumi na mmoja iliyopita mashine zilipelekwa ng'ambo, matoroli yakawa yanakuja kwa meli. Mwaka huu kiwanda kimerudi, maana meli huchukua miezi mitatu, na kiwanda kipya cha bati mji wa jirani huleta mzigo kwa siku mbili. Lakini bati lao la kwanza lilipasuka kona lilipokandamizwa kuwa toroli. Meneja akatoa siku nne: likipasuka tena, ataagiza ng'ambo. Na nani asiyejua kwamba bati likianza kutoka huko, mashine nazo zitalifuata? Siku ya nne, saa kumi jioni, tulikuwa watatu tukimsubiri Mama Presi, anayeendesha mashine ya kukandamiza bati. Redio ni kinyozi, habari zote zinapita kwake. Spana ni fundi baiskeli. Mimi nilitunza stoo ya kiwanda kile kabla hakijahama, wananiita Mzee Stoo. Binti yangu anapaka rangi mle ndani. Aliacha kazi ya mbali akarudi nyumbani.

— Nilisema mimi, akaanza Redio. Chuma cha hapa laini. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kije cha ng'ambo.

— Kingekuwa laini kingebonyea, nikamjibu. Hiki kimepasuka.

— Mzee Stoo, chuma cha ng'ambo kimevuka bahari. Kimekula chumvi, kikakomaa.

— Chumvi inaleta kutu, we Redio! Spana akadakia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa nani kajitembeza kumshinda aliyevuka bahari?

— Hiyo methali ya sokoni, haihusu chuma.

— Basi sikia ya chuma. Bati limetoka mji mtulivu, likakutana na kelele za mashine, likashtuka. Kitu kikishtuka hupasuka. Damu nzito kuliko maji.

— Damu imeingiaje hapo?

— Imeingia tu.

Redio akasogea ukingoni mwa benchi.

— Wote hamjui. Kosa ni la mashine. Miaka kumi na mmoja imekaa ugenini, imezoea bati la kule. Ukiipa la hapa hailitambui. Mwacha mila ni mtumwa!

Spana alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mimi sikuweza. Macho yalikuwa getini.

Mama Presi akatoka, mikono myeusi kwa grisi. Mdogo wake ndiye mke wa Redio.

— Shemeji, tupe habari!

— Nipe kahawa kwanza.

Akanywa yote, tukisubiri.

— Jumatatu nilipanda basi, beseni la toroli lililopasuka nimelipakata. Kondakta akaniuliza naenda kufua wapi. Nikafika kwa wale wa bati, msimamizi wa tanuru akaja juu: "Bati letu zuri, mama. Mji mzima umeezekwa nalo!" Nikamwambia, paa halina kona, baba. Toroli lina nne.

— Akasemaje?

— Sikumngoja. Nikamshika mkono, nikamwekea kidole kwenye ufa. Akaupapasa, akasema, "Gumu mno hili. Tuliharakisha kulipoza." Wakapasha moto upya bati lililobaki kwao, wakaliacha lipoe polepole usiku na mchana. Nikalala kwa binamu yangu, asubuhi nikarudi kukaa mlangoni kwao. Nilisema siondoki bila bati.

— Si ungepiga simu tu? Redio akauliza.

— Kule ng'ambo ndiko tungepiga simu, shemeji. Tungeandika barua, jibu lije baada ya wiki mbili, bati baada ya miezi mitatu. Na kidole cha mtu ningekishikaje?

— Samaki mkunje angali mbichi, Spana akasema taratibu. Hakuna aliyebisha.

— Na leo? nikauliza.

— Leo nimekandamiza mabeseni themanini. Nimepitisha ukucha kila kona. Hamna ufa hata mmoja. Meneja kaagiza kwao bati la mwaka mzima, palepale.

Nikageuka pembeni kidogo nifute uso. Binti yangu hatafunga tena mizigo.

— Si nilisema? Redio akajigamba. Cha kwetu ni cha kwetu!

Tulikuwa bado tunamzomea alipovuka barabara mwanamume mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi. Ndiye dereva wa lori aliyeleta lile bati. Akapewa kikombe, akaketi.

— Samahani wakubwa, narudi na lori tupu. Kiwandani kwetu chuma chakavu cha kuyeyusha tunakifuata mbali kweli. Sasa hapa kwenu, zile pembe za bati mnazokata kutwa nzima, huwa zinakwenda wapi?

Spana akanitazama. Stoo nimeitunza miaka kumi na tisa, na mabaki nilikuwa nayaona yakitoka kwa mlango wa nyuma. Sikuwahi kuuliza.

Mama Presi akaweka kikombe chini, akasimama.

— Meneja bado yuko ofisini. Dereva, usiwashe gari, huenda ukarudi na pembe zetu. Mzee Stoo, wewe ndiye unayejua kupima chuma. Twende.

Nikainuka. Nikamfuata.