Magurudumu Niliyofunga Bila Kusikia

Wanangu, sogeeni, na msijisumbue kunijibu. Masikio yangu yalikufa tangu mwaka jana, nikawa nasoma midomo yenu na kucheka mnapocheka. Dastan, funga mdomo, hata mshangao wako nauona.

Shamba la Kasoli mgawane sawa. Hilo ni dogo. Linaloniogopesha ni magurudumu.

Mnajua nilivyokuwa nafunga ringi ya baiskeli: nakaza spoki, naipiga kwa kidole, naisikiliza. Iliyolegea inalia nzito, iliyozidi kukazwa inalia kali, nami nazilinganisha mpaka zote zitoe sauti moja. Masikio yalipokufa niliona aibu kusema, nikaitegemea ile stendi ya kunyooshea ringi, yenye mshale, uliyoileta wewe Dastan kutoka kwenye huo mradi wenu uliokufa. "Mzee, hii ni precision, haikosei," ukanitambia, na digrii yako isiyokupa hata kibarua. Haikosei kweli. Mshale ukitulia, ringi imenyooka. Lakini haukuambii kwamba spoki moja imebeba mzigo wa wenzake watatu. Gurudumu linatoka limenyooka kama rula, kumbe ndani limeshaanza kufa.

Jirani yetu Nyanda, gurudumu kama hilo lilimvunjikia mteremkoni, na gunia la pamba likamwangukia. Alipokuja mkono umefungwa nikamfokea mbele za watu, "Umezidisha mzigo, mpumbavu we!" Akaniomba msamaha. Yeye, aniombe mimi! Tangu siku hiyo kila baiskeli ikipita hapo nje nafumba macho.

Yamebaki magurudumu matano niliyofunga hivyo, yote barabarani. Majina manne nimeyaandika nyuma ya kalenda ya parokia. La tano mkono ulikataa. Dastan, nenda leo, kwa miguu. Anza kwa Nyanda, mwambie baba amekiri, kosa ni lake. Kisha hao wengine, wasipande tena hata hatua moja. Stendi namwachia binti yangu Milembe, maana ana masikio. Ng'wanone, mwanangu we, kidole kwanza, mshale baadaye.

Mungu awa... ngojeni, pumzi... awatunze. Awape...

Milembe, unakwenda wapi? Unamfuata padri? Mbona unamfunga mtoto mgongoni, mbona umeshika ufunguo wa baiskeli? Iache. La tano ni lako, mama. La nyuma. Nilikufungia mwenyewe, nikakusifia... Padri atanikuta, asiponikuta basi. Mshushe mtoto. Nibarikini na ninyi... nimewabariki... tembeeni. Kwa miguu, mama. Kwa mi...