Nafasi ya Mlezi Tuliyoiacha Wazi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa huduma za mtandao, mkuu wa kitengo chetu, wageni mlioongozana, wafanyakazi wenzetu:

Karibu kwetu

Karibu ghorofani. Tunajua ngazi zimekutoa jasho, lifti imegoma tangu juzi. Viti havifanani kwa sababu vingine tumeazima kwa wahasibu. Tumefurahi umekuja, na tumefurahi pia kwa uliyekuja naye. Tutafika huko.

Tulikotoka

Sisi ndio tunaochora skrini ambazo wananchi wanazigusa kwenye simu wakitafuta daktari, wakilipia maji au wakiandikisha mtoto shule. Zamani kila timu ilichora vyake. Kitufe cha kutuma kilikuwa kijani kwa watu wa maji, chekundu kwa watu wa hospitali, na kwa watu wa shule kilijificha chini kabisa. Mwananchi akitoka huduma moja kwenda nyingine, anaanza kujifunza upya.

Mwenzetu tunayemwita Shangazi, kwa sababu haoni haya kumkosoa mtu, alichoka. Alivuta meza katikati ya chumba, akasema, "Leteni vyenu hapa. Kizuri tutumie wote, kibaya tukizike." Ndipo ilipoanza maktaba yetu ya violezo. Kitufe, fomu, kalenda ya kuchagua tarehe, dirisha la onyo: kila kimoja kinachorwa mara moja, timu zote zinachukua.

Sheria tulizitunga mezani hapo. Kiolezo hakiingii maktaba mpaka mtu wa kawaida akijaribu mbele yetu. Aliyekichora haruhusiwi kukilea. Mlezi anatoka timu nyingine, asije akakionea huruma. Hakibadilishwi bila mlezi kukubali. Na mlezi akiondoka, anasimama mbele ya wote na kusema, "Nimemwachia fulani."

Vikao vilikuwa na maneno. Mchoraji wa upande wa maji alileta dirisha la onyo lenye herufi nyekundu tupu. Shangazi akalitazama.

"Baba, mtu kasahau tu namba ya nyumba. Mbona unamfokea kama kachoma soko?"

"Ndiyo asisahau tena."

"Hatasahau. Atazima simu aende kupanga foleni."

Tulicheka, na baba wa watu akarudi kuchora.

Tulichofanikiwa

Mtumishi mpya siku hizi anaunganisha fomu asubuhi, jioni inafanya kazi. Mzee aliyezoea kulipia maji kwa simu anatafuta daktari bila kumwita mjukuu. Hatuna kikombe cha kukuonyesha, Mgeni rasmi. Ni hayo.

Kinachotukwamisha

Mwaka jana ulikuja, ukaiona maktaba, ukaipenda, ukamchukua Shangazi makao makuu. Aliambiwa aripoti mara moja. Dereva alikuwa anapiga honi huku yeye anatafuta chaja yake chini ya meza. Alifika mlangoni akageuka, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema, "Zimeni feni mkitoka." Hakumwachia mtu. Tunadhani alijua kwamba akilitamka lile neno, ndiyo ameondoka kweli.

Kwa hiyo kalenda ya tarehe, aliyokuwa anailea yeye, bado iko mikononi mwake. Tukimpigia, ofisi yako inasema ana kazi nyingine, asisumbuliwe na mambo ya huku. Timu ya hospitali ilitaka kalenda ibadilishwe kidogo, ikasubiri, ikachoka, ikachora yake pembeni, inayotanguliza mwezi kabla ya siku. Mama mjamzito alikuja na mkwewe kutoka mbali, tarehe tano mwezi wa sita. Miadi yake ilikuwa tarehe sita mwezi wa tano. Mtoto ni salama. Lakini mama aliondoka akisemwa na mkwewe njia nzima, na kosa halikuwa lake.

Utauliza kwa nini hatumwandiki mlezi mwingine. Tumekaa kikao kwa jambo hilo zaidi ya mara moja. Tukifika kwenye jina, mmoja anataka chai, mwingine anakumbuka kuna mtu wa kumpigia simu. Fundi wa kompyuta alitugombeza, "Mnalea kiolezo au mnamlindia mtu kiti?" Na yeye hakujitolea.

Tunachoomba

Hatuombi kompyuta wala posho.

Tunaomba kikao chetu kibaki na kauli juu ya maktaba. Agizo lolote la makao makuu nalo lije mezani, lijaribiwe na mtu wa kawaida, kama violezo vingine.

La pili ni Shangazi. Amekaa nyuma yako, mstari wa pili, ameshika mkoba wako. Tangu aingie hatujamsalimia sawasawa kwa sababu ya itifaki. Turudishie, hata siku moja kwa wiki. Kama haiwezekani, mruhusu asimame sasa hivi aseme amemwachia nani. Tutapiga makofi, tutaandika jina, na kalenda itarekebishwa wiki hii hii.

Tukwambie ukweli, Mgeni rasmi: anayekusomea risala hii ndiye aliyependekezwa kushika nafasi hiyo ya mlezi, na anaomba jina lake lisitajwe.

Mungu akupe afya na akufikishe nyumbani salama. Na aliye mbali na watu wake, Mungu amfungulie njia.

Ni sisi,
Wachoraji na Walezi wa Maktaba ya Violezo