Vidonge Nilivyogawana na Drileba

Asifiwe Bwana, ndugu zangu wa ibada ya Kiswahili hapa Mbuya. Mimi si msemaji. Shule niliishia darasa la tano, mengine nilijifunza jeshini. Kwa hiyo nimeyaandika haya, nisiongeze wala nisipunguze. Nikikosea mahali, mke wangu ameketi pale, atanisahihisha.

Nina ugonjwa wa sukari, huu mwaka wa tisa. Miguu ilikuwa inawaka kama nimekanyaga makaa, macho yakaanza kuingia ukungu. Ndipo nikasikia kwamba Wandegeya kuna watafiti wanaojaribu dawa ya majani ya mululuza. Majani hayo machungu mnayajua, wengi wetu tulinyweshwa utotoni. Wao walikuwa wametoa kilicho ndani ya jani wakakitia kwenye vidonge. Walinieleza wazi: wengine watapata dawa, wengine unga mtupu, na hata nesi hatajua nani kapata nini. Dawa za hospitali nisiache. Nikaweka sahihi, nikapewa chupa, na daftari la kuandika kila siku nimekunywa nini na saa ngapi.

Sasa, Drileba mnamfahamu. Tulikuwa naye kikosi kimoja, leo ni mlinzi wa ghala huko Katwe. Naye ana sukari. Alienda kujiandikisha, wakamkataa kwa sababu figo zake zimechoka. Alirudi amenuna, akaketi mlangoni kwangu.

"Mukubwa, wamenikatalia. Wewe utapona, kisha utanizika na macho gani?"

"Ni figo, Drileba. Si mimi niliyekukataa."

"Na kule porini, maji ya chupa moja tulikunywa watu wangapi? Uliniuliza figo?"

Ndugu zangu, aliyekuwa jeshini anajua. Ukila peke yako, wewe si mtu. Nikampa kidonge cha jioni, na kesho yake, na siku zote zilizofuata. Asubuhi changu, jioni chake. Kwenye daftari niliandika: asubuhi kimoja, jioni kimoja. Sikuona kuwa ni uongo, kwa sababu vidonge vilinywewa kweli, ila kwa vinywa viwili. Nesi akahesabu vidonge vilivyobaki chupani, akaniambia, "Mzee, wewe ni mfano." Nami nikakubali sifa hiyo, Mungu anisamehe.

Sikujua kwamba Drileba, kwa kuamini majani, alikuwa ameacha dawa zake za hospitali. Asubuhi moja alianguka pale ghalani. Nilipofika hospitali alikuwa anahema kama aliyekimbia mlima, hatambui mtu. Daktari akamuuliza mkewe, "Anatumia dawa gani?" Mama wa watu akajibu, "Zenu tu, daktari." Alisema alichokijua.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Sitawadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilitoka nikafika mpaka getini. Niliwaza: nikisema, watanifukuza kwenye utafiti, labda polisi wataitwa, na mke wake atajua nani amemuua mume wake. Nikaomba maombi mafupi sana: Bwana, nipe mdomo. Sikusikia sauti. Miguu tu iligeuka, ile ile inayowaka, ikanirudisha ndani.

Nikasema yote mbele ya mkewe. Daktari hakunigombeza. Alisema, "Piga simu kwa hao watu wako, sasa hivi." Nesi wa Wandegeya akapokea. Nilitegemea matusi. Akaniuliza, "Mzee, chupa unayo? Nisomee namba." Ilikuwa mfukoni mwangu, nikamsomea. Kumbe kila chupa ina siri yake iliyotunzwa, na mtu akiwa hatarini siri hiyo hufunguliwa. Daktari akaambiwa kilichokuwa ndani. Mimi sikuambiwa, hata leo sijui. Lakini daktari aliacha kubahatisha, akajua afuate nini. Alinieleza baadaye kwamba kilichomwangusha ni kuacha dawa zake, sukari ilikuwa imepanda mno. Hata hivyo sijisafishi. Aliacha kwa sababu ya mkono wangu.

Siku ya tatu Drileba alifungua macho, mkewe akamweleza kuhusu daftari, naye akanitazama. "Mukubwa, hata jeshini ulikuwa karani mbaya." Mkewe akacheka huku analia. Mimi nililia tu.

Nilipeleka daftari Wandegeya, nikaonyesha kila mstari wa uongo. Wakaniondoa, na ni haki yao. Nesi alinieleza kitu kilichonichoma: kama wangeamini daftari langu, labda dawa nzuri ingeonekana haifai, au isiyofaa ingepewa watu wengi. Nilidhani namnyima ukweli nesi mmoja tu.

Ndugu zangu, msiende kusema nimeponywa na mululuza. Wala msiende kusema mululuza haufai. Utafiti unaendelea, tuwaombee. Mimi nakunywa dawa za hospitali, Drileba pia, na sukari yangu imeshuka. Bwana aliniokoa na hofu ya kuonekana nilivyo. Alimrudishia mwanamke mumewe siku ile mimi nilipokuwa tayari kukimbia.

Kama kuna mtu hapa anatumia kitu asichomwambia daktari wake, chai, mzizi, mafuta ya maombi, chochote, usiogope. Mwamini Yesu, umwambie daktari kesho. Nikihitajika nitakusindikiza mpaka mlangoni, na tukifika nitakusukuma uingie. Bwana awabariki.