Tumbo Halifungwi Gizani

Nisogeleeni, wanangu, mnisikie vizuri, maana sauti hii ikiisha sina nyingine. Hiyo sindano ya usingizi iwekeni kando. Nitalala sana karibuni, sina haja ya kuanza mapema.

Nyumba hii ni ya kitinda mimba wangu, aliyeniuguza bila kukunja pua. Shamba mgawane, na atakayegombania mpaka na mwenzake asije kaburini kwangu kujiliza. Baba yenu mdogo mwambieni nimekufa na hasira zangu kamili: tulianzisha hospitali pamoja, akaniacha siku nilipomwambia mgonjwa kwamba kibofu chake kimetoboka mikononi mwetu. Ati nimemwaga mtama kwenye kuku wengi. Basi na wadonoe!

Niliitwa Bi Mkojo nikaitika, kwa sababu katika chumba changu cha upasuaji tumbo halikufungwa kabla sijauliza kwa sauti, "Mkojo?" na muuguzi akainama kwenye mfuko unaokinga mkojo wa mgonjwa, akanitajia rangi. Ukiwa na damu, tunatafuta. Kibofu na mirija ya mkojo itokayo kwenye figo vimepakana na kizazi ukuta kwa ukuta, na kovu la upasuaji wa zamani huvigandisha. Hata mkono wa bingwa huteleza, na kuteleza si kuanguka. Kibofu kikitoboka, kijaze maji ya bluu uone yanapovujia, ukishone, ukijaribu tena, kisha mpira wa mkojo ubaki mpaka kipone. Mrija ukikatika, ita bingwa wa njia ya mkojo papo hapo, usione haya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo anaubeba mwanamke anayelowa mchana na usiku, akikimbiwa hata na mumewe.

Kifungua mimba, usitazame dirishani. Juzi ulimpasua yule mwalimu wa chekechea ili ajifungue, ukafanya haraka, hukuuliza. Leo shuka lake limelowa, nawe umemwambia ni uchovu wa uzazi, atazoea. Nani amewahi kuzoea? Muuguzi mkuu ndiye aliyeniambia, na ukithubutu kumfukuza nitakutokea ndotoni kila ukisinzia!

Unataka funguo za hospitali. Hupewi kwa kutangulia kuzaliwa. Mwekee mwalimu huyo mpira wa mkojo sasa hivi, mwite bingwa, kisha ukae kitini, usisimame mlangoni kama mdaiwa, umwambie: "Mama, ni mkono wangu, na sitakuacha mpaka upone." Mficha maradhi kifo humuumbua, ya mgonjwa ukiyaficha, utaumbuka wewe ungali hai.

Niinueni kidogo... hapo. Kitinda mimba, lete kichwa. Mungu akunyooshee njia, akulinde, nami niko radhi nawe.

Wewe, kaka mtu, bado. Radhi yako ninayo... nimeishika, siitoi kwa mtu aliyeketi. Nenda wodini. Usilie, nenda. Nitakungoja. Na huyo aliyekuja kunichukua... mwambieni akae... naye atangoja.