Leokadia wa Mpunga Pori

Kamwene, ndugu waombolezaji, nani kati yenu aliwahi kulinda magugu, akayazungushia uzio, akayapa namba, akanyeshewa na mvua miaka minne ili ng'ombe wasiyale? Marehemu alifanya hivyo, na familia imenituma mimi Dastan, mdogo wake wa pili, niwasomee maisha yake, wakaniusia nisome kwa upole, nami nitajaribu, nikishindwa mniwie radhi.

Leokadia Antoni Kikoti alizaliwa tarehe 9 Agosti 1994 katika Hospitali ya Tosamaganga, mkoani Iringa, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Antoni Kikoti na Mama Faustina, wakulima wa mahindi na maharage, na mama anasema kila alipomweka pembeni mwa shamba alimkuta ameshang'oa majani, anachungulia mizizi kama mtu aliyepoteza kitu.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 2002 hadi 2008, akaendelea na sekondari Iringa mjini, akamaliza kidato cha sita mwaka 2015 kwa daraja la kwanza, akapata shahada ya sayansi ya mimea mwaka 2018 na ya uzamili mwaka 2021. Utafiti wake ulihusu mpunga pori unaoota wenyewe kwenye bonde la Usangu, ule ambao mkulima wa Chimala akiuona anatafuta jembe, lakini Leokadia alikuwa akituambia mezani, huku chakula kinapoa, kwamba huyo ni shangazi wa mpunga wetu, amevumilia ukame na mafuriko kabla babu zetu hawajazaliwa, na siku mpunga wa shambani ukishindwa na hali ya hewa tutakwenda wote kumpigia shangazi magoti.

Kuhusu kazi, ajira hakupata. Aliomba nafasi ya kufundisha chuoni, akaambiwa wanatafuta mwenye PhD, akaomba ufadhili wa PhD, akaulizwa mwajiri wake ni nani ili amruhusu kwenda masomoni, sasa mwenye akili timamu anieleze nyumba hiyo mlango wake uko upande gani. Januari 2022 akaanza kujitolea, narudia, kujitolea, kwenye mradi wa aliyekuwa msimamizi wake wa uzamili, Daktari, wa vitabu si wa sindano, ambaye tunaye hapa kwenye viti vya mbele, karibu sana Daktari. Alipanga chumba Chimala, na ploti zake za majaribio ya mpunga huo zilikuwa ukingoni mwa bonde, jirani na boma la Mzee Ng'washi na watu wake, wafugaji na wakulima waliohamia Usangu kutoka Usukumani.

Mwaka 2023 chuo kimoja cha Ulaya kilimkubali kwa PhD ya ikolojia na mageuzi ya mimea, kila kitu tayari, kikabaki kitu kimoja, barua ya msimamizi. Alimfuata ofisini Mbeya, akajibiwa kwa maneno haya ambayo alikuja kutuigizia nyumbani hadi baba akacheka: "Leo, my dear, nikikuruhusu uende, ploti nitamwachia nani? Let me get my data first, maliza msimu huu, nitakuandikia." Dirisha la udahili likafungwa, na baada ya kucheka tukamsikia chumbani analia.

Machi 2024 alikuja Iringa kumuuguza mama kwa wiki mbili. Huku nyuma Mzee Ng'washi akawa anapita, anatazama ploti, anasikitika, akawaambia wake zake kwamba binti wa watu ni msomi, ana heshima, lakini kilimo hakijui, magugu yamemzidi nguvu, tukikaa kimya Mungu atatuuliza. Akaita majirani kama desturi yao ya kulimiana, wakaja na majembe na nyimbo, uji ukapikwa, na mpaka jua linainama hapakuwa na shina moja la mpunga pori lililosimama, mizizi yote wameianika juu. Leokadia aliporudi alikuta udongo mweusi, safi, na mzee anamsubiri anatabasamu, "Mwanangu, tumekuokoa." Akakaa kwenye tuta, akashika kichwa, akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakabaki peke yake, na mwisho akanawa akala nao ugali, kwa sababu utamgombezaje mtu aliyekutolea jasho lake bure?

Daktari yeye aligomba. Alisema huo ni uzembe, "two years of data, Leokadia", akamwamuru apande upya, na barua ya mwaka huo pia haikuandikwa. Mwaka 2025 haikuandikwa, safari hii mtandao ulikuwa unasumbua. Wale wasiojua walimng'olea mpunga, aliyejua alimng'olea nini? Hesabuni wenyewe.

Kwa upande wa familia, marehemu alijaliwa mtoto mmoja, Eveline, aliyezaliwa tarehe 12 Juni 2021, na alichumbiwa na Boniface Mwakalinga, fundi umeme wa Mbeya, ambaye ndoa yao iliahirishwa mara mbili, kila mara ikisubiri safari ambayo haikuja, na Boniface hakumlaumu hata siku moja, pole sana shemeji.

Jumanne tarehe 17 Machi 2026, akiwa ndani ya maji anahesabu masuke ya msimu aliokuwa ameahidiwa kuwa ndio wa mwisho, aling'atwa na nyoka, kifutu, juu ya kifundo cha mguu. Alikuwa amevaa kandambili, maana mabuti aliyaomba akajibiwa bajeti ya field imefungwa, na gari la mradi lilikuwa limepeleka watu kwenye semina. Vijana wa Ng'washi walimkimbiza kwa pikipiki hadi Chimala, akahamishiwa Mbeya, madaktari wakapigana kumwokoa, na Jumamosi tarehe 21 Machi alfajiri akafariki, miaka thelathini na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Chimala na Mbeya, jumuiya, kwaya, majirani, Mzee Ng'washi na watu wake waliosafiri na jeneza usiku kucha, na wahitimu wenzake wa mtaani mliochanga msichokuwa nacho. Dada, umefanya kazi ya kutosha, pumzika, hakuna wa kukuambia tena umalize msimu.

Na sasa Daktari, usiangalie simu. Ploti zile ameshapewa Evarista, binti aliyesimama pale nyuma ya kwaya, naye amekubaliwa PhD, na dirisha lake linafungwa Ijumaa hii, tarehe 27. Familia haitaki rambirambi yako wala shada lako. Tunataka jina la Leokadia litangulie la kwako kwenye kila kitakachochapishwa kuhusu mpunga ule, na tunataka barua ya Evarista, leo, kabla hujapanda gari lako. Laptop unayo, bando nimekununulia, meza ile pale tumekuwekea. Kaa uandike, kaburi linaweza kusubiri.