Mheshimiwa Emérence Nyirabagenzi, Aliyewatafutia Wagonjwa Wakalimani

Mheshimiwa Emérence Nyirabagenzi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 huko Minembwe, Kivu ya Kusini. Alipata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari Uvira mwaka 1981, akafundisha darasa la tatu mpaka vita vilipomfukuza.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na mwalimu mwenzake, Ezéchias Semahoro, wakajaliwa watoto watatu. Machi 2001 walifika Louisville kama wakimbizi, wakapanga nyumba mtaa wa Iroquois, naye akapata kazi ya kutunza wazee. Mwaka 2003 mumewe aliugua. Hospitalini hapakuwa na mkalimani. Daktari akamgeukia binti yao Charlotte, mwenye miaka kumi na mmoja, amweleze baba yake kwamba ana saratani na hatapona. Charlotte alimweleza. Mama Emérence hakuusahau uso wa mtoto wake siku ile.

Baada ya kumzika mumewe alihamia Columbus. Alipopata uraia aligombea ubunge wa jimbo la Ohio. Mwaka 2012 alishindwa. Mwaka 2014 alirudi kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Mzee mmoja alifungua mlango akasema, "Sinunui kitu."

"Bon, nami siuzi kitu," alimjibu. "Naomba kura tu."

Yule mzee alicheka, akamkaribisha kahawa. Tarehe 4 Novemba Mama Emérence alishinda kwa tofauti ya kura mia mbili na kumi na mbili.

Muswada wake ulitaka kila hospitali iwe na mkalimani, mtoto asibebeshwe tena kazi hiyo. Kamati iliukwamisha mara mbili. Mara ya tatu Charlotte mwenyewe alisafiri kutoka Buffalo, akawasimulia wabunge yaliyompata. Safari hii kamati ikaupitisha.

Desemba 2015 Mama Emérence aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alipodhoofika alihamia kwa Charlotte, mtaa wa Lower West Side, Buffalo. Tarehe 25 Mei 2016 msaidizi wake bungeni alipiga simu kutoka Columbus.

"Donc, imepita?" aliuliza Mama Emérence.

"Imepita, mama. Sasa ni sheria."

Akatugeukia, akasema, "Basi leteni chakula. Nina njaa." Alikuwa na siku mbili hajala. Sisi tuliokuwa chumbani tulicheka huku machozi yakitutoka.

Alifariki Jumamosi asubuhi, tarehe 11 Juni, bila maumivu, watoto wake wote wakiwa kando yake. Tunalia, lakini tumeshusha pumzi: hakuteseka muda mrefu, na kazi yake ameimaliza.

Leo tunamzika hapa Lackawanna, jirani na Buffalo. Ameacha watoto watatu, Jean Bosco, Charlotte na Ange, wajukuu watano, na mimi mdogo wake, Jolie, ninayewasomea haya. Mungu amlaze kwa amani. Dada yangu alikuwa amechoka.