Saa za Rubani

Kokuberwa alipanda daladala ya Mbagala na begi ambalo saa hiyo lilitakiwa kuwa angani. Kesho asubuhi shangazi yake anazikwa Bukoba, na yeye huyo anarudishwa nyumbani.

"Tumeshafunga mikanda, mzee," alimwambia Leonardi, mzee asiyemjua waliyekaa naye siti moja. "Rubani anatangaza eti saa zake za kazi zimeisha, tushuke! Kwani anapiga kasia? Si amekaa tu?"

"Alianza lini?"

"Alfajiri. Kaenda Mwanza, karudi, kaenda Mtwara, mvua ikamchelewesha. Sasa sie mvua yake inatuhusu nini?"

"Ndiyo sheria yao, mwanangu. Mtu akisinzia kule juu hakuna pa kupaki."

"Shangazi ndiye aliyenilea mie! Angejikaza kidogo tu, angekufa?"

Leonardi aliinua kidevu kuelekeza mbele. Dereva alishika usukani kwa mkono mmoja, na kwa mwingine alikuwa anajimwagia usoni maji ya chupa.

Kokuberwa akamtazama, kisha akapaza sauti. "We kaka! Umeanza kazi saa ngapi?"

"Tangu jana, sista," dereva akajibu huku akipiga miayo. "Deiwaka wa kunipokea usukani hajatokea, ila najikaza."

"Shusha! Shusha hapahapa!"

Gari likasimama Mtongani. Kokuberwa akashuka, Mbagala bado iko mbele, akajitwika begi lake na kuanza kutembea, huku akiendelea kumlaani rubani.